Hakuna Ukurasa Uliowahi Kuonja Duara Letu

Nakumbuka asubuhi niliyomwambia mama kwamba maji ya duara yananyweka. Usicheke, mwanangu wa kidato cha kwanza. Mimi niko cha tatu, kwako ni mzee tayari.

Duara ni shimo la wachimba dhahabu. Hili liliachwa nyuma ya mihogo yetu, maji yakapanda yenyewe kutoka chini, ya bluu, yametulia, mawingu yakipita ndani yake taratibu kana kwamba mbingu imeshuka kupumzika. Bomba la kijiji lilikuwa bovu, na mama alichoka kubeba ndoo kutoka mbali. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi niliinamia simu.

Ukurasa wa kwanza ukasema maji ya ardhini ni salama, mawe huyachuja. Nikamsomea mama kwa sauti ya padri.

"Una hakika, baba?"

"Mama, imeandikwa!"

"Haya. Mchana nitayateka."

Shuleni nikajisifu. Mwalimu wa jiografia akanitazama kama aliyeona ng'ombe juu ya paa. "Kaandika nani? Lini? Mawe ya wapi hayo?"

Nikashuka hadi chini ya ukurasa. Jina hakuna, mwaka hakuna. Kuna tangazo la vichujio na mlima wenye theluji. Theluji, hapa kwetu Geita! Mwalimu akafungua ukurasa wa wataalamu wa maji wa serikali: penye mialo, wanakooshea dhahabu kwa zebaki, maji yapimwe kwanza. Zebaki ndani ya maji huioni, huinusi. Na mwalo uko hatua chache tu juu ya duara letu.

Nilikimbia nyumbani bila ruhusa, jua likiyeyusha njia mbele yangu kama ndotoni. Nilimkuta Doto, mdogo wangu wa miaka minne, ameshika kikombe cha maji ya duara kwa mikono miwili, kinakaribia mdomo. Nikakipiga kofi, kikaanguka. Akalia mpaka majirani wakatoka.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Uulize ukurasa kama unavyomuuliza mgeni: wewe nani, unatoka wapi, unauza nini? Ukijibiwa vizuri, bado mwite afisa maji apime, maana hakuna ukurasa uliowahi kuonja duara lako. Mungu akuepushe na majibu ya haraka.

Afisa alikuja, akaondoka na chupa ya maji yetu, majibu tunayangoja. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanikabidhi ndoo mbili, akasema:

"Mungu akujalie akili, baba, maana simu tayari unayo."