Chakula changu walikila wageni pale stesheni ya Malaba

Wakuu, hamjambo wote humu ndani. Mimi ni mzee, wajukuu ndio walionifungulia akaunti hii, kwa hivyo mkiona makosa ya kuandika walaumuni wao. Ila hii ilinipata mwenyewe, na sitatia chumvi.

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga, niliondoka kwetu Moding, kijiji cha karibu na Malaba mpakani mwa Uganda, kwenda India kusomea ufundi wa mitambo. Baba alishafariki, nilibaki na mama tu.

Nikiwa huko nilikutana na mtu wa kwetu, akaniambia amemwacha mama hoi kitandani. Baada ya hapo kimya kabisa.

Masomo yalipoisha nilituma salamu kwamba narudi. Siku gani, hata mimi sikujua. Meli ikachelewa miezi. Wewe kijana unayetuma location ukiwa stage ya Bumala huwezi kuelewa mambo hayo.

Basi siku ya mwisho ya safari niko kwenye treni, nimevaa suti na miwani. Nitamkuta mama, ama nitaonyeshwa kaburi?

Eldoret akapanda mzee mmoja Mwislamu, muuza nguo wa Busia mjini. Mcheshi ajabu. Aliposikia nashuka Malaba, akacheka.

"Basi wewe hulali njaa. Hapo iko mama moja analisha watu bure."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kijana yake iko India. Kila treni ya abiria ikifika, yeye iko hapo na chakula. Asipomuona, anapatia mgeni yeyote hana mwenyeji. Ati chakula ya msafiri hairudi nyumbani. Mimi nilimwambia kuku sili kama hajachinja Mwislamu. Siku ingine nakuta ameweka kunde na simsim kando!"

Nikamuuliza huyo mama ni wa wapi.

"Moding."

Wakuu, mwili wote ulinisisimka. Mama yu hai! Nusura nimkumbatie mzee wa watu.

Kisha akaongeza polepole, "Lakini safari ya mwisho sikumwona."

Kutoka Bungoma mpaka Malaba nilikaa dirishani nikihesabu stesheni.

Treni ikasimama. Watu wakashuka, wakapokewa, wakaenda zao. Nikaangaza huku na huku, sikumwona mtu ninayemjua. Nikakaa juu ya sanduku langu.

Ndipo mtu akanigusa bega kutoka nyuma. Mama mfupi, amekonda sana, ameshika bakuli lililofungwa kwa leso. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

Akanisemesha kwa Kiswahili. Kwetu siku hizo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuongea na mgeni.

"Bwana, wewe hapana na mtu? Kaa, kula. Hii ni ya kijana yangu, lakini leo pia hajakuja."

Nikamjibu kwa Kiteso, "Mama, leo amekuja."

Akanivua miwani, akanipapasa uso mzima, mashavu, masikio, paji. Yule mzee wa Busia alisimama pembeni, machozi yanamtiririka kwenye ndevu.

Mama hakulia. Alifungua leso akasema, "Kula kwanza, kitapoa."

Ile siku ambayo mzee hakumwona, kumbe mama alikuwa matangani kijiji cha Kocholia, na akalalamika mpaka jioni kwamba kuna msafiri amepita na njaa.

Nimeona miji ya watu, majengo na mashine za kila aina. Sijaona kitu kikubwa kama kile alichofanya mama yangu. Nilichojifunza ni kwamba ukimkosa wako, mlishe wa mwenzako.

Sasa nyinyi semeni yenu. Na kama kuna mtu hapa ambaye babu au nyanya yake aliwahi kulishwa na mama asiyemjua pale stesheni ya Malaba, tafadhali aandike. Huyo alikula chakula changu, na nataka kumshukuru kwa kukimaliza.