Masega ndani ya Bomba la Moshi

Msimu ule wa mvua gari langu lilianza kushindwa na milima ya Ngungu. Nilikuwa nikibeba maharage na abiria kutoka huko hadi Bweremana, na kila mwinuko lilihema kama mgonjwa wa kifua. Siku dada yangu, mwalimu wa kemia, alipopanda nami, lilizimika kabisa. Tulivutwa hadi garaji ya Bweremana.

Fundi alifungua bomba la moshi, akatoa kopo zito la chuma.

"Hii katalizere njo imeziba," alisema. "Wengi wanaikata na kuitupa. Na mimi niitupe?"

"Ngoja, Papa," dada alisema. "Tuione ndani kwanza."

Fundi alilipasua kwa msumeno. Ndani mlikuwa na vitundu vidogo mno vya pembe nne, vimepangana kama masega ya nyuki. Upande mmoja vilikuwa vimeyeyuka na kuwa donge jeusi. Upande wa pili vilikuwa vizima. Nilivielekeza kwenye mwanga, nikaona kupitia humo ziwa lililo mbele ya garaji. Miaka yote nimeendesha gari bila kujua kwamba nimebeba kitu kama hiki chini ya miguu yangu.

"Kuta zake zimepakwa madini, utando usioonekana kwa macho," dada aliniambia. "Moshi wenye sumu unaugusa, unatoka umegeuka hewa isiyo na sumu kali. Utando wenyewe unabaki."

"Mbona huu haukubaki?"

Fundi alinionyesha buji moja iliyokufa, plagi inayotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Petroli isiyoungua kwenye moteri ilikwenda kuungua mule ndani, ikayayeyusha masega. Oili iliyovuja ikafunika yaliyobaki.

"Nikiweka mpya bila kutengeneza moteri," alisema, "itakufa hivi hivi."

Basi akabadilisha buji zote, akaziba palipovuja oili, kisha akafunga katalizere nzima iliyotolewa kwenye gari jingine lililopinduka. Gari lilipanda hadi Ngungu bila kusita.

Asubuhi iliyofuata, kwenye baridi, niliwasha moteri nikachuchumaa nyuma. Macho hayakuniwasha kwa moshi kama zamani. Matone safi yalidondoka kutoka kwenye bomba, nikayakinga kwa kiganja.

"Ni maji?" niliuliza.

"Ni maji," dada alijibu. "Petroli ikiungua vizuri inazaa maji."

Mama mmoja aliyengoja safari alishuka garini, akakinga kiganja karibu na changu. Tulikaa hivyo, tukiyatazama yakijaa mikononi.