Mashtaka Yaliyopigwa Taipu

Juzi, katika ofisi moja hapa Mbeya nilimokuwa nikisubiri zamu na wenzangu, mzee wa kanisa aliingia akihema kumzuia binti aliyekuja kuomba kazi ya kupiga taipu.

"Karani, usimwandike! Huyu hucheza ngoma Jumapili."

Zamani neno hilo lingetosha. Karani akasogeza mashine. "Mzee, taja mashtaka. Binti, yapige."

Damu ilinichemka! Lakini binti akayapiga yote, na jina lake humo, bila kukosea herufi.

Mzee akaisoma karatasi, uso ukamkunjuka. "Unaona? Shule yetu ya misheni ndiyo iliyomfundisha!"

"Basi umeshamsifu," karani akasema, akamwandika kazi. Tukacheka, mzee naye.

Wanaolalamika kwamba maofisini kanisa halisikilizwi tena, nawaambia: siku hiyo lilisikilizwa mpaka nukta ya mwisho.