Kadi ya marehemu mume wangu bado inavuka daraja

Admin, jina langu usiliweke, maana ndugu wa mume wangu wengi wamo humu na wanasoma. Nina miaka thelathini na sita, mjane, mama wa mtoto mmoja. Nauza vitenge hapa Songea, naishi Msamala na mama mkwe wangu. Sina tabia ya kulia mbele za watu, lakini hili limenishinda.

Mume wangu, Baba Editha, alikuwa dereva wa Kanta, lori dogo la mizigo, Dar es Salaam. Kila siku alivuka lile daraja la kulipia la Kigamboni, na tajiri wake alitaka walipe kwa kadi. Siku ya kuisajili kadi hiyo, laini yake ya simu ilikuwa imefungwa, akaandikisha namba yangu. Basi kila akigusisha kadi kwenye mashine kule, ujumbe unaingia kwangu huku: malipo yamepokelewa, salio limebaki kadhaa. Wenzangu wanasubiri waume zao wapige simu, mimi nilikuwa nasubiri mashine. Nikauwekea ule ujumbe mlio wake. Mama mkwe hajui kusoma, ila ule mlio aliushika. Ukilia asubuhi anauliza, "Kavuka?" Namjibu, "Kavuka, mama." Hapo ndipo anakunywa uji wake.

Baada ya Pasaka, Baba Editha alishuka pembeni ya barabara kubadilisha tairi. Gari likamgonga na kukimbia. Shemeji yangu, mdogo wake anayeishi Dar, ndiye aliyemtambua mochwari. Pochi ilirudi, ila simu na kadi hazikurudi. Jeneza lilifika Songea limefungwa na wazee wakakataza lisifunguliwe, kwa jinsi alivyoumia. Tukamzika kijijini kwao, Maposeni. Mimi sikumwona, na mama yake hakumwona.

Watu wa msibani hawajaondoka wote, asubuhi moja simu ikalia ule mlio. Malipo yamepokelewa. Nilikaa chini sakafuni. Mama mkwe, na miguu yake ile iliyovimba, alitoka chumbani mbio. "Kavuka?" Nami kwa mazoea, na kwa kuchanganyikiwa, nikajibu, "Kavuka, mama." Mungu anisamehe. Ningesema ni matangazo ya mtandao wa simu, leo nisingekuwa nawaandikia.

Tangu hapo mama anasema tuliyemzika si mwanaye. Arobaini ameikataa. Wazee walikuja kutoka Maposeni kupanga misa na kugawa nguo za marehemu, akalikalia sanduku la nguo katikati ya mlango.

"Mgawe nguo za nani?" akawauliza. "Mtu anavuka daraja kila siku, ninyi mnagawa nguo zake?"

Baba mkubwa wa marehemu akanigeukia. "Mkwe, mweleze mama yako. Wewe ndiye anayekusikiliza."

Nilishindwa. Kabla ya ule ujumbe mama alikuwa anakufa namwangalia, na sasa alikuwa anakula. Na niseme kweli, kuna siku hata mimi ulipolia nilitabasamu kabla sijakumbuka. Salio lilipokaribia kuisha, nililijaza mimi mwenyewe, kwa pesa ya vitenge. Niiteni chizi, sitabisha.

Nilipomweleza shemeji alinifokea, kisha akasema lazima tumjue mtu huyo. Asubuhi yake akaenda kusimama karibu na vibanda vya kulipia, yuko hewani na mimi kwa simu ya jirani, yangu nimeiweka mbele yangu mezani. Ikalia.

"Sasa hivi, shemeji! Umeingia sasa hivi!"

Halafu akasema taratibu, "Shem, nimeliona, ndilo pekee lililogusisha kadi sasa hivi. Gari dogo jeupe, jamaa yuko peke yake. Kioo cha mbele kipya, na boneti imepigwa rangi juzi juzi tu."

Wote wawili tulielewa. Inawezekana kadi aliiokota au aliuziwa, shemeji mwenyewe anasema hivyo ili nipate usingizi. Lakini kama ni yeye aliyemgonga, basi siku ile alisimama. Alishuka garini, akamwona Baba Editha pale chini, akampekua, akaondoka. Na mimi, mke wake, ndiye niliyekuwa namjazia salio avuke vizuri.

Shemeji ametoa taarifa polisi. Wamesema nisiifunge kadi, niijaze tena, watamsubiri pale pale darajani wiki hii. Nimejaza. Nilikosea namba ya siri mara mbili kabla haijakubali.

Sasa sikieni. Jana mama mkwe ameuza mahindi yake na kukata tiketi ya basi bila kuniambia. Amemfungia mwanaye unga wa ulezi na lile shati lake la kanisani. Nilipomuuliza anaenda wapi, akasema, "Naenda kusimama pale darajani mpaka nimwone. Kama amenikasirikia, nitamwomba radhi. Mwana hawezi kupita mbele ya mama yake asisimame."

Basi linaondoka kesho alfajiri. Nimeshindwa kumzuia na nimeshindwa kumwambia. Ninyi mliozaa na mliozika, nishaurini: nimwambieje mama huyu, usiku huu, kwamba anayevuka siyo mwanaye?