Adui wa Shujaa Ngao

Watu wa Makadara wakimtaja ndugu yangu Jamaldin, humtaja kwa jambo la alasiri moja tu. Mimi nataka mumjue tangu mwanzo, maana bila mwanzo ile alasiri haina maana.

Jamaldin alikuwa mwoga. Simsengenyi, mimi Nana ndimi niliyemlea baada ya mama kufa, na namjua kama ninavyoujua mkono wangu. Aliogopa mbwa, aliogopa askari, aliogopa radi. Mvua ikinguruma, mtu mzima na masharubu yake alijitia chini ya kitanda, mimi nikamletea chai huko huko. Marehemu mama alikuwa akimtetea: "Mwacheni mwanangu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Basi kwetu kicheko hakikukauka.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka. Ukimwona ng'ombe anacheka juu ya mlango wa bucha, sijui ng'ombe gani huyo wa kumchekea mchinjaji, jua ni mkono wa Jamaldin. Lakini roho yake ilikuwa kwenye ukuta wa Masha. Masha alikuwa kinyozi, na ubavu wa kibanda chake ulitazamana na karai yangu ya kukaangia viazi vya kuuza. Kila Ijumaa baada ya sala, Jamaldin aliufuta ukuta ule kwa chokaa na kuchora kipande kipya cha hadithi ya Shujaa Ngao. Ngao alikuwa na kikoi kinachopepea mabegani, alinyanyua malori kwa mkono mmoja, risasi zilimdunda zikarudi zilikotoka. Watoto wa chuo cha Kurani, wachuuzi, hata wazee waliotoka msikitini, wote walikuja kumtazama. Mimi viazi vyangu viliisha mapema, sikuwa na la kulalamika.

Sasa uso wa shujaa lazima uwe ule ule kila Ijumaa, la sivyo watoto hupiga kelele, "Si yeye! Si yeye!" Kwa hivyo Jamaldin alifungua debe la mafuta, akalinyoosha bati lake, akaukata uso humo kwa mkasi. Alikuwa akilibandika ukutani, anapitisha rangi kwenye matundu, akilitoa, huyo Ngao anakutazama. Na uso huo aliutoa kwa Tsofa.

Tsofa alikuwa rafiki yake, mpakiaji wa mizigo kwenye maghala ya Shimanzi, Mgiriama mpole mwenye kifua kipana na kovu juu ya jicho la kushoto. Alikaa kwenye kibao changu Jamaldin akimchora.

"Mbona mimi, fundi?" akauliza.

"Kwa sababu weye huogopi kitu."

"Mie? Namwogopa Dada Nana na mwiko wake!"

Tukacheka sote. Hatukumwambia mtu. Na ajabu ni hii: mwaka mzima Tsofa alipita chini ya ukuta ule na jasho lake la Shimanzi, na hakuna hata mmoja aliyemtazama akasema, huyu si Ngao? Nani atamtafuta shujaa kwa mchukuzi wa magunia?

Ikawa watu wamechoka na wezi wadogo wadogo ambao Ngao aliwatupa baharini. Masha akamwambia ndugu yangu, "Mpe adui wa maana, bwana. Shujaa bila adui ni kuli tu, anyanyua malori bure."

Jamaldin akaingiwa na homa ya adui. Jioni nzima alinizungusha nayo nikimenya viazi. Ati kuna adui wa mabavu, jitu tu, lakini huyo ukimshinda mara moja kesho hana jipya. Kuna adui wa akili, kibiongo asiyeweza kunyanyua hata kikombe, lakini anamfahamu shujaa kuliko shujaa anavyojifahamu. Na yule aliyekuwa rafiki, wakala sahani moja, wakakosana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. "Hilo bibi zetu wamelisema zamani, weye wanichelewesha viazi vyangu."

"Yuko mwingine, dada. Yule aliye shujaa mwenyewe. Nguvu zile zile, uso ule ule, ila amegeuka. Huyo ndiye anayenitisha."

"Wewe hata paka hukutisha," nikamjibu, na maneno yakaisha hapo.

Mwezi huo huo uvumi wa mumiani ukaingia mjini. Wenye kukumbuka miaka ya tisini watakwambia. Ati kuna gari jeupe, ati kuna watu wanaokamata watoto na kuwafyonza damu wakaiuze, ati mtoto kakutwa huko Mwembe Tayari mkavu kama ganda. Mtoto wa nani? Hakuna ajuaye. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Akina mama walianza kuwapeleka watoto chuoni kwa mkono. Milango ilifungwa jua halijazama. Mimi mwenyewe, na ulimi wangu huu, gari likipunguza mwendo nyuma yangu nilikaza mwendo bila kutazama nyuma.

Jamaldin aliogopa kuliko sote. Hakulala. Na Ijumaa ile akaenda ukutani akachora kile alichokiogopa. Alimchora Ngao kwanza. Kisha akaligeuza bati nyuma mbele, akalibandika upande wa pili, akapitisha rangi nyeusi. Ukatoka uso ule ule ukitazama upande mwingine, kovu lake juu ya jicho la kulia. Akautia macho mekundu na damu midomoni. Kazi yake ilikuwa rahisi hivyo, kugeuza bati tu.

Watoto hawakupiga makofi siku hiyo. Mmoja akaanza kulia.

"Ifute," nikamwambia. "Wallahi, ifute, haina kheri."

"Nitaifuta Ijumaa ijayo, Ngao akishamshinda," akasema.

Ijumaa haikufika. Rangi nyekundu ilikuwa imemwishia, na Tsofa alimwahidi mabaki ya ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu wanayopaka makontena. Akaja nayo alasiri kwenye kopo lisilo na kifuniko kizuri. Njiani kopo likamvujia. Ikamtapakaa mikononi, ikamtiririka hadi kwenye suruali. Akakata kona ya Masha, na pale pale mtoto mmoja akatazama ukuta, akamtazama Tsofa, akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo.

"Mumiani! Mumiani huyo!"

Walimtambua papo hapo! Mwaka mzima hawakumwona shujaa, lakini mumiani walimwona kwa jicho moja. Watu walitoka kila uchochoro, sijui walikuwa wamejificha wapi. Mawe, marungu, mti wa kufungia mlango. Wakamsukuma Tsofa mpaka ukutani, kopo likaanguka miguuni pake, naye akasimama katikati ya nyuso zake mbili, paji linamtoka damu ya kweli sasa.

"Leteni tairi!" sauti ikasema. Mtu wa makamo, mnene, ambaye kila asubuhi hununua viazi kwangu na kuniuliza hali ya mgongo wangu, alikuwa tayari amelibeba. Mwingine akaulizia petroli.

Nilijitoma na mwiko wangu. "Huyu ni Tsofa! Namjua! Ni rafiki yetu!" Nani anisikie? Nikasukumwa nikaangukia magoti.

Ndipo mmoja akamwona Jamaldin mlangoni mwa Masha. "Fundi! Weye ndiye uliyemchora. Weye wamjua. Ni yeye, si yeye?"

Wote wakageuka. Ndugu yangu alifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Tsofa alimtazama tu, hakumwomba.

"Sema, Jamaldin!" nikalia. "Mwanangu, sema!"

Akageuka akaingia ndani.

"Amekubali!" wakapaza sauti. "Kimya chake ni jibu!"

Yaa Rabi, moyo wangu ulikufa pale. Nikasema, leo Jamaldin ameua mtu, na amemuua rafiki yake. Tairi likainuliwa juu ya vichwa vya watu.

Kisha akatoka. Amelikumbatia kifuani lile bati alilokuwa akiliweka kwa Masha, anatetemeka mpaka bati linalia. Akapita katikati ya watu, akalibandika juu ya uso wa Ngao. Likakaa sawasawa. Akaligeuza, akalibandika juu ya mumiani. Likakaa sawasawa.

"Ni... ni uso mmoja," akasema. "Wa Tsofa. Ngao ndiye yeye. Mimi nililigeuza bati. Nililigeuza tu."

Nilidhani yamekwisha. Lakini mwenye tairi akafikiri kidogo, akasema, "Basi kumbe hata huyo Ngao ni mumiani. Ametuchezea muda wote huu!"

Watu wakaguna kukubali. Wakasogea tena.

Hapo Jamaldin akainama, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye ile rangi iliyomwagika, akajipaka machoni, akajipaka midomoni mpaka kidevuni. Akawageukia.

"Sasa mwamwona nani?"

Watoto walipiga mayowe wakakimbia. Yule mwenye tairi aliruka nyuma, tairi likamwangukia mguuni. Umati wote ulirudi nyuma. Mtu waliyemjua tangu anatambaa, fundi wa ng'ombe anayecheka! Harufu ya rangi ilikuwa imejaa pale, puani mwa kila mmoja, na bado walirudi nyuma.

"Nauliza nani?" akalia. "Nimezaliwa nyumba ile pale! Nani?"

Mmoja akaangusha rungu lake kando ya mtaro, kama si lake. Mwingine akasema anasikia adhana, na adhana ilikuwa bado. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, bila kutazamana.

Jamaldin alibaki amesimama, mikono ameitandaza, machozi yanajaribu kupenya ile rangi. Tsofa ndiye aliyemwendea. Alivua shati lake lililochanwa na watu, akamshika kidevu kama mtu anayemwosha mtoto.

"Fumba macho, fundi. Rangi hii yachoma."

Jamaldin akafumba macho. Tsofa akamfuta polepole, jicho moja, kisha la pili. Na mimi dada yake, niliyemlea, nilijiona mgongo wangu umegota mlango wa jirani, mwiko nimeukinga mbele ya uso. Nilikuwa nimerudi nyuma pamoja nao.