Hasira Kabla ya Maji

Mjukuu wangu anakimbia. Sisemi anakimbia kama watoto wote wanavyokimbia wakitumwa chumvi. Nasema akiachiwa kwenye mita elfu moja na mia tano, wenzake wanabaki kutazama visigino vyake. Hapa Shanwe siku hizi naitwa Bibi wa Mkimbiaji, na mimi naitika kabla hawajamaliza.

Anakaa kwangu tangu aanze sekondari, maana wazazi wake wako Inyonga kwenye tumbaku. Alfajiri anakimbia barabara ya Kakese, anarudi anaoga, anakwenda shule. Jioni anakimbia tena. Baada ya kula anafungua daftari, na muda kidogo tu namkuta kalala juu yake, mate yamelowanisha karatasi. Mimi niliishia darasa la tatu, kemia siiwezi. Nilichoweza ni kumtikisa bega.

"Amka, mke mwenza. Mume wetu hakutaka mwanamke mjinga."

Babu yake alishafariki, lakini utani wake hatukuuzika. Anacheka, anasoma mistari miwili, analala tena.

Alipofika kidato cha nne akachaguliwa timu ya mkoa, na kambi ikaangukia siku zile zile za mtihani wa majaribio, ule wa kuwapima kabla ya mtihani wa taifa. Mwalimu mkuu akaniambia mtihani haurudiwi kwa ajili ya mtu mmoja. Mwalimu wa michezo akaniambia kambini wanakuja watu wa kutafuta vipaji, na nafasi ikipita imepita. Wote wawili walisema kwa upole, na kila mmoja alinifungia mlango wake.

Mama yake alipiga simu kusema aende kambini. Baba yake, mwanangu wa kumzaa, hakupiga simu. Alikuja. Aliingia uani na pikipiki siku moja kabla ya safari, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Nikampa maji, nikampa ugali na mlenda. Alikula bila kuniangalia. Kisha akasema hesabu za mtoto zimeharibika tangu aanze kushangiliwa. Nikamwambia hajawahi hata kumwona akikimbia. Akauliza, akiteguka goti huko, watamrudisha na nini? Nikakusanya vyombo kwa kelele.

Kulipokucha, kosta ilikuwa ipite kuwachukua watoto. Kwetu mtoto haendi safari kubwa bila mzazi kumpulizia maji yaliyokorogwa na unga wa mtama. Na maji hayo hayapulizwi na mtu mwenye kinyongo. Kwanza kila aliyepo anatoa lililomkaa moyoni, mkubwa anaanza, mdogo anamalizia, na hakuna kujibizana. Ukipuliza umeficha hasira, ni hiyo hasira unampulizia mtoto.

Nikakoroga unga kwenye bakuli bila kumwuliza mtu, nikaliweka mbele ya mwanangu. Nilikuwa namtega, ndiyo. Nilijua mbele ya bakuli hawezi kunyanyuka akaondoka. Mtoto akatoka chumbani na traksuti ya mkoa, akaacha begi mlangoni, akapiga magoti.

Nikaanza mimi. Nikasema nina hasira na mwanangu kwa sababu anataka kuninyang'anya kitu ninachotambia sokoni. Nikasema mimi hakuna aliyewahi kunipigia makofi, sasa damu yangu inapigiwa, na yeye anaiambia ikae kitini.

Mwanangu akashika bakuli.

"Nina hasira na nyie wote," akasema. "Mlimpa mkoa kabla hamjaniambia. Mimi baba alinitoa shule nikachochee moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Mpaka leo wakinipa karatasi nasaini nisichokielewa. Naogopa, mama. Ndiyo hiyo."

Kosta ikapiga honi barabarani. Hakuna aliyegeuka. Ilikuwa zamu ya mtoto, na mimi nilikuwa nimeshashinda moyoni, nikingoja tu aseme anakwenda.

"Bibi, nikikimbia unakuja na vigelegele," akasema. "Baba, nikifeli unakuja na pikipiki. Nikiwa nasoma hakuna anayekuja. Sijui hata kama ni mjinga au nimechoka tu. Nataka kujua."

Honi ikalia tena, ndefu.

"Unakwenda?" baba yake akamwuliza.

"Nafanya mtihani kwanza."

"Hawatakusubiri."

"Najua, baba."

Alisema huku machozi yanamtiririka, macho yako barabarani. Nilitaka kumnyanyua kwa mkono nimburute mpaka kwenye gari. Lakini hakuna kujibizana, na sheria hiyo niliileta mimi mwenyewe pale uani. Nikauma mdomo.

Baba yake akatoka kuongea na mwalimu wa michezo. Alirudi taratibu. Alisema kuna binti mwingine atakayechukua nafasi, tena yumo garini tayari, ila hana traksuti. Mjukuu wangu akavua ile yake pale pale, akabaki na fulana na bukta, akaikunja traksuti mikono ndani kama nguo ya mtoto mchanga, akampa baba yake aipeleke. Nikasikia mlango wa gari unafungwa. Nikasikia linaondoka.

Ndipo mwanangu akatia maji kinywani, akampulizia usoni na kifuani. Unga ukamganda kwenye kope.

Wiki ile hakurudi Inyonga, ingawa tumbaku ilikuwa inangoja soko. Kila jioni, saa ile ya mbio, alikaa mezani na binti yake, anabangua karanga, hajui hata mstari mmoja wa kile kinachosomwa. Mtoto akinyamaza, anasema, "Endelea." Mimi mwanzoni nilikaa jikoni nimewapa mgongo. Baadaye nikasogeza kigoda.

Binti yule mwingine alirudi na medali. Nilimpongeza mama yake sokoni huku meno nimeyakaza.

Matokeo ya majaribio yakatoka. Hesabu alipasi, si kwa kutisha watu, ila alipasi. Alinisomea masomo yote mpaka mwisho, kisha akakaa chini sakafuni.

"Kumbe nilikuwa nimechoka tu, Bibi."

Nikampigia simu baba yake, nikamwambia hivyo hivyo alivyosema mtoto. Akasema, "Endelea." Nikaibana simu sikioni, nikamrudia tena neno kwa neno.