Paa Lisilo na Tundu

Majivu ya volkano hayapanguswi yakiwa makavu. Ni mchanga uliosagwa. Ukiyasugua kwenye kioo, kioo hubaki na mikwaruzo, na mkwaruzo wa kioo hauponi. Kwa hiyo kila asubuhi ambayo upepo ulikuwa umeyaleta kutoka upande wa Nyamulagira hadi Karuba, Tumukunde alipanda ngazi na dumu la maji, akayamwaga polepole kuanzia juu, akangoja majivu yateremke yenyewe, ndipo akapitisha kitambaa. Paneli nne za jua, bila sabuni. Kisha alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila mshono wa gundi, akitafuta mahali palipoinuka. Kwa miaka mitatu hakupapata.

Paa hilo lilikuwa la gari. Mumewe, Jérémie Sebarenzi, alikuwa dereva katika mradi wa barabara ya Walikale. Mradi ulipofungwa, mwaka 2016, wahandisi walimwachia gari walilokuwa wakilala humo porini: lori dogo lililobebeshwa chumba mgongoni, lenye vitanda viwili, meza ya kukunja, na injini iliyokwisha kufa. Lilivutwa kwa mnyororo hadi Karuba, likawekwa juu ya mawe kwenye kiwanja cha ukoo wa mume, kando ya njia ya waendesha pikipiki. Watu walicheka wakashika mbavu. Walisema Jérémie amejenga nyumba yenye miguu, na miguu yenyewe imepooza.

Kuta zilikuwa nzima, lakini paa lilikuwa limeoza kama boga. Jérémie alitaka kuliziba kwa lami. Tumukunde alikataa; alisema paa likianza kuzibwa halimalizi. Alimwita Darius, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Mushaki, wakalibomoa lote. Wakaunda fremu mpya ya mabomba ya chuma, wakaitandika bati nene lililopanda kutoka Goma, wakalifunga kwenye kuta kwa ribiti, misumari inayopondwa kichwa ili isitoke, mia moja na ishirini na nne. Zilikuwa pembezoni zote, chini ya ukingo, mahali ambapo maji hayafiki. Bati alilinunua Tumukunde, kwa maharagwe ya misimu miwili, na Darius alikuwa shahidi.

Kisha ukaja mpango wa paneli, ambazo huko huitwa pano, na hapo Tumukunde alichukua mwezi mzima. Alipanda juu na kipande cha mkaa, akachora kivuli cha mkaratusi uliokuwa kiwanjani saa mbili, saa sita na saa kumi, siku baada ya siku, hadi akajua ni sehemu gani ya paa ambayo kivuli hakiigusi kamwe. Aliinua magurudumu ya mbele kwa mawe mawili zaidi ili maji yakimbilie nyuma. Alikata vipande vya alumini vyenye unene wa vidole viwili, ili hewa ipite chini ya paneli na joto lisizichoshe. Lililobaki lilikuwa namna ya kuzishika.

“Tutie bulo,” alisema Jérémie, akimaanisha misumari ya kukaza kwa nati. “Siku ya kukimbia, tunafungua, tunabeba.”

“Kila bulo iko tundu,” alijibu Tumukunde. “Na kila tundu iko mulango. Mvua ataingia, na mwizi naye atashika palepale.”

“Sasa vita ikikuja?”

“Ikikuja tutakimbia na mikono yetu. Pano itabakia, na hakuna mwizi atabandua.”

Jérémie alikuwa akisema lugha ya vilima hivyo. Huko, ukuta ni udongo, na udongo ni wa kilima. Lakini bati, ambalo wenyewe huliita manjanja, ni la aliyelinunua. Watu wamekimbia mara nyingi mno wakiwa na mabati vichwani hata jambo hilo halibishaniwi tena: mwenye manjanja huondoka na manjanja yake. Hata mpangaji akifukuzwa, hupanda juu mbele ya mwenye kiwanja, akang'oa, akaenda, wala hapatikani wa kumzuia. Mtu mwenye busara hujenga paa la kung'oka. Tumukunde alijenga la kukaa. Alitumia gundi nyeusi ya tyubu, ile ambayo ikishakauka haijui tena kwamba iliwahi kuwa kitu kingine. Aliyemshikia ngazi siku hiyo alikuwa Raphaël, mdogo wa Jérémie.

Kwa umeme huo waliwasha taa, wakachaji simu za nusu ya Karuba, na kumwashia redio Mama Athanasie, mama mkwe, kipofu wa miaka themanini na ushei, aliyekuja kila asubuhi akishikwa mkono na Tumukunde ili akae mlangoni asikilize nyimbo za kwaya. Tumukunde ndiye aliyemwogesha. Hakuzaa, na bibi huyo hakumtajia jambo hilo hata siku moja.

Jérémie alianguka na pikipiki kwenye mteremko wa Mushaki, Januari 2020. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, Raphaël alipeleka neno kwa shefu wa kijiji. Hakutaka ugomvi, alisema. Alitaka haki. Gari lilikuwa la kaka yake, na kaka yake hakuacha mtoto. Kwa hiyo gari ni la ukoo. Lakini paneli ziliwekwa na shemeji, kila mtu anajua, na yeye si mwizi.

“Achukue vyake vyote,” alisema Raphaël mbele ya watu, mikono wazi kama mtu anayebariki. “Mwenye manjanja anaenda na manjanja yake. Njo desturi yetu. Ila asiharibu gari.”

Shefu aliona haki haijawahi kuletwa kwake ikiwa imepikwa vizuri namna ile. Alimpa Tumukunde siku saba.

Walipotoka, Raphaël alimsogelea, akapunguza sauti. “Shemeji, ulibandika pano sawa kupe kwa ng'ombe. Sasa toa kupe, ila ng'ombe asipate kidonda.” Akacheka, akaenda. Alikwisha kumwambia mkewe mahali atakapopanga chupa za bia ndani ya gari, chini ya taa.

Siku tatu za kwanza Tumukunde alisugua. Alichukua waya wa breki ya pikipiki, akaufunga vipande vya mti pande mbili, akaupitisha chini ya paneli ya kwanza, akauvuta huku na huku kama anayekata mti kwa msumeno. Gundi ilikatika kwa kiasi cha unene wa unyasi kwa saa. Raphaël alileta kiti. Jioni ya siku ya tatu ulisikika mlio mdogo, kama mahindi yanayopasuka chunguni, na kioo chote kikawa cheupe, kimevunjika vipande visivyozidi punje za chumvi.

“Moja!” alihesabu Raphaël kutoka kitini.

Ya pili ilipasuka siku ya tano. Tumukunde hakulia. Alikaa juu ya paa, vidole vimekatwa na waya, akitazama kazi yake. Hakuna aliyemshinda katika kazi ile. Angekuwa fundi mbaya kidogo tu, angekuwa tayari njiani kuelekea Kingi, kwa kaka zake, na paneli nne mgongoni. Bila paneli angefika huko mikono mitupu: mjane asiye na mtoto, wa kulishwa na wake za kaka zake na kuhesabiwa kila kijiko.

Akateremka ngazi, na alipofika usawa wa ukingo, macho yake yakakutana na safu ya ribiti.

Darius alifika kesho yake na tindo mbili. Alisikiliza, akazunguka gari mara moja, akacheka kwa pua. “Dada, bati ni yako. Fremu ni yako. Mimi niko shahidi. Hautaondoa kupe. Utaondoa ngozi.”

“Shefu alisema tusiharibu gari.”

“Gari lilikuja bila paa ya maana. Tunalirudisha vile lilikuwa.”

Habari haikukaa usiku. Asubuhi ya siku ya saba Raphaël alipanda kilima akiwa amembeba mama yake mgongoni, akamwingiza garini, akamlaza kitandani, akamfunika blanketi moja. Kisha akasimama mlangoni.

“Mama iko mugonjwa,” alisema. “Daktari amesema alale mahali pakavu. Sasa panda, shemeji. Watu wako wanaona.”

Kweli watu walikuwa wanaona. Walikuwa wamejaa njiani. Tumukunde aliingia ndani. Bibi aligeuza uso kuelekea nyayo zake, akatabasamu.

“Raphaël ameniambia umeniita nikae na weye,” alisema Athanasie. “Asante, mutoto wangu. Nilikuwa nasema umenisahau.”

Tumukunde alimpandishia blanketi hadi shingoni. Halafu alitoka, akachukua tindo ya pili, akaanza na ribiti ya kona.

Walifanya kazi wakikutana katikati, kila mmoja upande wake. Ribiti zilianguka majanini. Raphaël hakusogea, alikuwa ameweka akiba yake yote juu ya moyo wa mwanamke huyu, na hakuamini kwamba umekwisha. Walipofika ribiti ya mia, mwanga uliingia kwa upande mmoja, na sauti ikatoka ndani.

“Ni nani anafungua mbingu?”

“Ni mimi, Mama,” alisema Tumukunde. “Natengeneza paa.”

“Vizuri,” alisema bibi. “Usiache tundu.”

Saa tisa wanaume wanane, waendesha pikipiki aliowachajia simu miaka yote hiyo, walilinyanyua paa zima, fremu, bati, paneli mbili nzima na mbili zilizokufa, wakaliweka mabegani. Mvua ya Septemba haikungoja wapite mkaratusi. Ilishuka kwa mkupuo mmoja, kama maziwa yanayomwagwa kutoka debe.

Raphaël angeweza kumtoa mama yake kwa hatua nne. Hakuzipiga. Alisimama chini ya mti akitaka kila mmoja aone aliyofanya shemeji yake, na ili waone vizuri ilibidi bibi aloe vizuri. Hatimaye wanawake wa kanisa walipita mbele yake wakamtoa. Kwa muda huo mtu angekuwa amekwisha kukamua ng'ombe watatu.

Tumukunde alitembea chini ya paa lake, katikati ya wabebaji. Alisikia jina lake likiitwa nyuma, kwa sauti ya kikongwe, mara mbili, kwa namna ya mtu anayeuliza. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata mara ya tatu, kama ilikuwepo, haikusikika. Hakugeuka. Hakuna tone lililomgusa.

Kaka zake walimpa Kingi eneo la nguzo nne, na si zaidi. Paa liliwekwa juu ya nguzo za mkaratusi, kuta zikafuata, za udongo. Paneli mbili zinatosha simu ishirini na taa moja. Siku ya kumi na mbili alikuja Bénédicte, mwanamke wa Karuba anayeuza jibini, akampa simu aichaji.

“Mama Athanasie tulimuzika juzi,” alisema Bénédicte. “Kifua. Walikataza tukuite.”

Tumukunde alichomeka simu.

“Gari nalo?”

“Limejaa maji. Raphaël anafuga bata ndani.” Bénédicte aliinua macho, akalitazama paa kwa makini, pembe hadi pembe, kama mtu anayetafuta kosa. “Kule Karuba wanakuita yule muke aliyefunulia mama mukwe wake paa. Haivuji hata kidogo?”

“Haivuji.”

Asubuhi ile upepo ulikuwa umetoka upande wa mlima. Tumukunde alijaza dumu, akaegemeza ngazi, akapanda kumwaga maji juu ya majivu.